Maharage Huku, Ndizi Kule, Filipo Katikati

Maharage yakishakauka huko milimani, Rogathe wa Chome alikuwa hakamatiki. Miezi mingine yote alikuwa mjane mtulivu, mtu wa shambani na kanisani, wa kuinamisha kichwa sala inapoanza na kukiinua wenzake wakishasema amina. Lakini msimu wa gulio la Same ukifika, kila Alhamisi alikuwa ameshajitwika kikapu kabla jogoo hajakumbuka kazi yake, anateremka mlima na wanawake wenzake, wanaimba nyimbo za kanisani kwa mwendo ambao mwinjilisti asingeupenda.

Hakufuata mauzo. Maharage aliyauza, ndiyo, maana kuyateremsha mlima na kuyapandisha tena kungefanya watu wamtilie shaka. Alichokifuata ni Honorata.

Honorata aliuza ndizi. Kwao ni ng'ambo ya bonde, mlima mwingine, njia nyingine, na kanisa jingine, yeye Mkatoliki na Rogathe Mlutheri, kwa hiyo hata misibani hawakukutana. Ila tangu walipokuwa wasichana wa kubebeshwa vikapu na mama zao, walikuwa wakiketi bega kwa bega hapo gulioni, maharage na ndizi vinagusana. Msimu mzima walicheka. Walimcheka mnunuzi akiwa bado yuko mbali, wakamhudumia kwa adabu, kisha wakamcheka tena akiondoka. Walionja asali ya watu bila nia ya kununua. Walikula makande ya Rogathe, wakashushia ndizi mbivu za Honorata, wakanusa ugoro kidogo, na mtu akiwatazama wakasema ni mafua. Mvua za vuli zikianza waliagana mpaka mwakani, kila mmoja akapande kwake.

Mwaka huo Rogathe alikuwa na jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa Filipo wa Mwembe, mgane, muuza tumbaku, mtu mrefu mwenye shingo ya mtu anayechungulia uani kwa jirani. Alikuwa amepanda Chome mwenyewe, bila mshenga, bila hata kibuyu cha pombe ya miwa, akasimama mlangoni kwa Rogathe na kuyatoa maneno aliyoyakariri njia nzima.

"Mama Anaeli, nikiendelea kujipikia nitakufa kwa chumvi. Naomba tuishi pamoja. Unijibu kabla ya vuli, nijue napanda mahindi ya watu wangapi."

Kisha akateremka mlima mbio, hata uji hakungoja.

Rogathe alimtaka. Au hakumtaka. Hapo ndipo alipomhitaji Honorata, maana jambo la namna hiyo huwezi kuliamua mpaka umelinong'ona kwenye sikio la mtu atakayelicheka vizuri. Binti yake Anaeli asingefaa, angelia. Wazee wa kanisa ndio kabisa, wangefunga macho na kuomba mpaka maharage yaote.

Basi Alhamisi ya kwanza ya msimu Rogathe akateremka na jambo lake limemjaa mdomoni kama uji wa moto. Alipofika gulioni akakuta chokaa.

Chokaa chini, kila mahali, mistari mirefu iliyonyooka toka kwenye reli mpaka kisimani. Serikali ya Mwingereza ilikuwa imeleta Bwana Shauri mpya, mkuu wa wilaya, pale Same, Mzungu mwembamba aliyependa mistari kama wengine wanavyopenda nyama. Alishanyoosha njia ya bomani, akanyoosha maua, akamnyoosha na mpishi wake. Sasa ilikuwa zamu ya gulio, na kazi hiyo alikuwa amepewa Bwana Soko mpya, Eliufoo, kijana wa kaptura ya kaki na soksi za kufika magotini.

"Shikamoo, mama," akasema Eliufoo. Alikuwa kijana aliyelelewa vizuri; hakuwahi kumsumbua mtu mzima kabla ya kumwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Maharage upande huu wa reli. Ndizi kule kisimani. Kuku, vyungu na tumbaku hapa katikati."

"Na mimi nikae wapi?"

"Unauza nini, mama?"

"Maharage."

"Basi wewe ni maharage."

Rogathe akatazama kule kisimani. Mbali, nyuma ya matenga ya kuku, Honorata alikuwa amesimama katika mstari wa ndizi, mikono kiunoni, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango umehamishwa.

Na amri ilikuwa na meno. Muuzaji akiacha mstari wake, bidhaa zake zinafungiwa stoo mpaka jua lizame. Jua likizama hakuna mwanamke wa mlimani aliyebaki Same, kwa sababu njia za kurudi zilipita porini kwa vifaru, na kila kundi liliondoka pamoja, la Chome na njia yake, la kina Honorata na yao. Kubaki nyuma ulinong'one na mwenzako maana yake ni kwenda kumnong'onea kifaru. Wamasai peke yao walikaa na samli yao walipotaka, kwa kuwa Eliufoo hakuwa na Kimasai cha kuwaambia wahame, na wao hawakuona sababu ya kumfundisha siku hiyo.

Katikati kabisa, kati ya maharage na ndizi, misokoto ya tumbaku imetandazwa mbele yake, alikuwa ameketi Filipo. Alimwamkia Rogathe kwa kichwa tu, kisha akanyoosha shingo kuelekea mawinguni, kama anayeuliza vuli imefika wapi.

Siku hiyo walipiga kelele. Wangefanyaje?

"Rogathe weee! Umesikia ya shemeji yangu Manase?"

"Sijasikia!"

"Amenunua kitanda cha chuma kwa Mgiriki wa mkonge! Kina springi!"

"Kina nini?"

"Springi! Ukigeuka kinalia! Mbwa wa jirani wanakiitikia!"

Kuku wakanyamaza. Wauza vyungu wakasogea. Honorata akaendelea, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto, kueleza kwamba mke wa Manase amehamia sakafuni kwa aibu, na Manase mwenyewe analala juu ya kitanda hicho peke yake, amekakamaa kama maiti, anaogopa kukohoa mbwa wasije wakaanza. Gulio zima likacheka. Alhamisi iliyofuata wauza vyungu walimwuliza Honorata maendeleo kabla hajatua mkungu. Msimu ulipofika katikati, treni ya kutoka Tanga iliposimama Same, abiria walitoa vichwa madirishani kuuliza kama Manase amepata usingizi.

Hapo Rogathe akaelewa kelele inaweza kufanya nini.

"Mbona wewe husemi kitu?" Honorata akampigia kelele. "Huna habari?"

"Ninayo!"

"Iseme!"

Shingo ya Filipo ikageuka polepole, kama ya mbuni.

"Si ya kusemwa!"

"Basi si habari!"

Akatafuta njia. Na njia aliyoipata ilikuwa ya kwao, ya mlimani. Upareni mtu akikuletea kitu ndani ya kikapu, kikapu hicho hukirudishi kitupu hata kama nyumba inaungua. Unatia chochote, viazi, chumvi, hata kuni, mradi kisirudi na hewa. Rogathe akafikiri hivi: nikimpelekea Honorata kikapu cha maharage cha kumwamkia, atakirudisha na ndizi. Nikiwa na ndizi, Eliufoo atanikuta na ndizi katika mstari wa maharage. Atanihamishia kwenye ndizi. Nitakaa na Honorata. Akajisifu kimoyomoyo, akamwomba Mungu amsamehe kwa kujisifu, kisha akajisifu tena.

Kikapu kikaenda, kimepitishwa mkono kwa mkono juu ya mistari. Kikarudi na ndizi, nono, za kuiva kesho.

Eliufoo akafika. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Hizo ndizi."

"Ndiyo, mwanangu, nimezikuta hapa mbele yangu," akasema Rogathe, mpole kama maziwa. "Nihame?"

"Hama, mama."

Akajitwika vitu vyake, akavuka kuku, akavuka vyungu. Alipofika kwenye tumbaku akakutana uso kwa uso na Honorata, naye amejitwika, anakuja upande wa pili.

"Unakwenda wapi?" akauliza Rogathe.

"Kwenye maharage! Kijana amenikuta na maharage yako. Na wewe?"

"Kwenye ndizi!"

Wakatazamana, na katikati yao Filipo ameketi anawatazama wote wawili kwa zamu.

"Nina neno," akaanza Rogathe kwa sauti ya chini, "linahusu..."

"Shikamooni, mama zangu," akasema Eliufoo nyuma yao. "Tembeeni."

Alhamisi iliyofuata wakajaribu tena, na safari hii Honorata ndiye aliyetuma ndizi kwanza, akiamini kwamba kosa la mara ya kwanza lilikuwa ni nani ameanza. Wakakutana tena penye tumbaku. Ubaya ni kwamba watu walikuwa wameona. Kama maharage yanaweza kuamkia ndizi, kwa nini vyungu visiamkie kuku? Kufika saa sita mama mmoja wa vyungu alikuwa na jogoo wawili, muuza jogoo ana viazi, muuza viazi ana samli na hajui imetoka wapi, na Eliufoo anakimbia toka relini mpaka kisimani, soksi zimemshuka, anaamkia na kuhamisha.

"Shikamoo, mama, nenda kwenye kuku! Shikamoo, shangazi, wewe ni viazi sasa! Shikamoo, nani alikupa asali?"

Mnunuzi mmoja kutoka mashamba ya mkonge alikuja kutafuta kuku mweusi, akamwona, akamfuata mistari mitatu, na mwisho akanunua chungu kwa uchovu.

Eliufoo akapanda juu ya gogo. "Kuanzia sasa," akatangaza, "vikapu virudi vitupu!"

Gulio zima likamgeukia, kama watu waliosikia mtu mzima akitamka tusi mbele ya mama mkwe. Dorkas, muuza kuku, ambaye mama yake alimzalisha mama yake Eliufoo, akamtazama kuanzia soksi mpaka juu.

"Eliufoo," akamwuliza taratibu, "ni sisi tuliokulea, au ulikuja na treni?"

Eliufoo akashuka kwenye gogo. "Nilikuwa natania, mama," akasema.

Wiki zikaenda. Rogathe alihamishwa mara nyingi kuliko mtu yeyote katika gulio lile, akauza maharage, ndizi, magimbi, na siku moja nusu ya kondoo, lakini hata mara moja hakutua karibu na Honorata. Na karibu kila alipopita penye tumbaku, Filipo alimkoholea kidogo, kikohozi cha heshima, cha mtu asiyedai jibu ila anakumbusha kwamba jibu lipo.

Kisha mawingu yakaja. Yakakaa juu ya mlima Shengena, meusi, mazito, hayana haraka. Kila mtu alijua Alhamisi ile ndiyo ya mwisho. Baada yake ni majembe. Rogathe alitua kikapu chake katika mstari wa maharage akihesabu kwamba akiondoka leo bila kusema, atakuwa amemjibu Filipo kwa kunyamaza, na jibu la kunyamaza ni hapana. Akagundua kwamba hilo halitaki. Lakini pia hakutaka kusema ndiyo peke yake, kama mtu anayejilisha harusini.

Na siku hiyo, kati ya siku zote, Bwana Shauri mwenyewe akaja kukagua mistari. Eliufoo alikuwa ameamka mapema kumwaga chokaa upya, soksi zimefungwa kwa kamba ya mkonge. Alikuwa amewaomba watu wote, mmoja mmoja, kwa shikamoo, wasiamkiane kwa vikapu mpaka Mzungu aondoke. Wakamwonea huruma. Gulio likanyooka kama mswaki. Bwana Shauri akatembea katikati, mikono nyuma, akitabasamu chini, kwenye chokaa.

Tone moja la mvua likamwangukia Rogathe puani.

Akasimama.

"Honorataaa!"

"Naaam!"

"Filipo ananiposa! Niende, nisiende?"

Hata kuku hawakujua la kufanya. Filipo akazama ndani ya mabega yake mpaka shingo yote ikaisha.

"Filipo yupi?" Honorata akaita.

"Huyu wa tumbaku! Hapa katikati!"

"Asimame nimwone!"

"Simama, mzee!" gulio zima likamwambia Filipo, na Filipo akasimama, maana watu wote wakikwambia simama huna jinsi.

"Ageuke!"

Akageuka.

"Ana meno?"

"Onyesha meno!" wakampigia kelele wauza vyungu. Filipo akaonyesha. "Anayo! Mengi!"

Bwana Shauri alikuwa amesimama na mguu mmoja mbele, hajui auweke wapi. Kiswahili alikuwa nacho, lakini cha kuamuru, si cha kusikiliza. "Eliufoo," akasema, "ni nini hii?"

Eliufoo alikuwa anatoka jasho kupita soksi. "Ni mnada, Bwana."

"Mnada wa nini?"

Eliufoo akatazama huku na kule kutafuta uongo mzuri, lakini mbele yake palikuwa na Filipo tu, mdomo wazi.

"Wa mzee, Bwana."

Bwana Shauri akavua kofia. Akatazama maharage. Akatazama kuku, vyungu, viazi, tumbaku, ndizi. Uso wake ukaingia wasiwasi mkubwa.

"Mstari wa wazee uko wapi?" akauliza.

Haukuwapo. Eliufoo akadaka ndoo ya chokaa, akachora mstari mpya hapo hapo, kati ya maharage na ndizi, mbichi na mnene. Kisha akaanza kupanga.

"Shikamoo, mama. Wewe sasa ni nani?"

"Mimi ndiye ninayeposwa," akasema Rogathe.

"Kaa hapa. Shikamoo, mama, na wewe?"

Honorata alikuwa ameshafika, hakungoja kuitwa, mkungu wake ameuacha kule. "Mimi ni mshauri wake."

"Kaa hapo, karibu naye. Na mzee Filipo?"

"Huyo ni bidhaa," akasema Honorata.

Wakaketi. Bega kwa bega, kwa mara ya kwanza msimu ule. Rogathe akavuta pumzi anong'one, kisha akaona shingo ya Filipo inawajia juu kama mvuke wa chai.

"Hawezi kukaa hapa," akamwambia Eliufoo. "Tunamsema yeye."

Eliufoo akamwuliza Bwana Shauri kama bidhaa inaruhusiwa kuwa nje ya mstari wake. Bwana Shauri akafikiri muda mrefu, amekunja paji la uso. Ilionekana ni jambo ambalo hata Uingereza halikuwahi kuamuliwa. Mwishowe akakubali: bidhaa inayochunguzwa inaweza kuwekwa pembeni kwa muda. Filipo akapelekwa kisimani, mbali, akaachwa amesimama huko na tumbaku yake kwapani.

Basi Rogathe akanong'ona. Alimwambia Honorata yote, mlango, chumvi, mahindi ya watu wangapi, jinsi Filipo alivyokimbia uji. Na Honorata akacheka kama Rogathe alivyokuwa amekiota kicheko hicho tangu siku ile, kwanza kimya, mabega tu, kisha machozi, kisha akashika goti la mwenzake asidondoke.

"Anakupenda?" akauliza akijifuta.

"Anaogopa chumvi."

"Na wewe?"

Rogathe akachezea punje ya maharage. "Alhamisi iliyopita aliumwa hakuja. Nilipohamishwa nilipita pale mahali pake, hakuna mtu wa kukohoa. Nikamkasirikia mchana kutwa."

"Ehe."

"Ehe nini?"

"Ehe tu. Mimi wangu nilimkubali kwa sababu ya ng'ombe wake. Ng'ombe alikufa mwaka uleule, mwanamume yupo mpaka leo."

"Kwa hiyo niende?"

"Nenda. Lakini umwambie mapema, Alhamisi za maharage wewe si mke wa mtu. Ni zangu."

Walikuwa hawajaona kinachoendelea. Gulio lote, lililozoea kusikia kila neno lao msimu mzima, lilikuwa linateseka.

"Hatusikii!" akaita muuza viazi.

"Semeni kwa sauti, mama zetu! Mmetuzoesha vibaya!"

"Amesema nini? Amesema ehe nini?"

Wakaanza kusogea. Kwanza wa vyungu, kidogo tu, kisha wa kuku, kisha wa magimbi na samli, kila mtu na kikapu chake, wanakanyaga mstari mmoja, wa pili, wa tatu, chokaa inapanda mpaka visigino, mpaka pale palipokuwa na mistari pakawa na vumbi jeupe na watu wengi wamechuchumaa wakiwazunguka wanawake wawili. Bwana Shauri naye alikuwa amesogea, kofia mkononi, amebanwa kati ya Mmasai mmoja na tenga la kuku.

"Amesema nini?" akamwuliza Eliufoo.

"Wananong'ona, Bwana."

"Nyamaza basi," akasema Bwana Shauri, "nisikie."

Rogathe akainuka. Akajifunga kaniki yake vizuri, akawatazama wote, miguu yao myeupe kama ya watu waliokanyaga unga.

"Nimekubali!" akasema.

Vigelegele vilivyopigwa vilimwamsha mkuu wa stesheni. Na mvua, kama iliyokuwa inangoja ruhusa, ikashuka yote kwa pamoja, ikaanza kuifuta chokaa ambayo watu walikuwa wameibakiza. Kila mtu akadaka chake na cha jirani yake, akakimbia. Rogathe na Honorata hawakukimbia. Walijitwika kikapu kimoja vichwani, wakakaa chini yake hapo hapo kwenye tope, wanamalizia kucheka.

Kule kisimani Filipo alikuwa hajasikia kitu. Alikuwa ameona mdomo wa Rogathe unafunguka, halafu vigelegele, na vigelegele hupigwa kwa mambo mengi. Akanyoosha shingo mpaka mwisho wake. Dorkas akapita mbele yake mbio, tenga kila mkono, anakimbilia stesheni.

"Mama, samahani," Filipo akamwita. "Amesemaje?"

"Amekukubali," akasema Dorkas. "Hebu nishikie hili."

Akamtupia tenga moja mikononi, akaenda. Filipo akabaki amesimama kwenye mvua na kuku wa mtu, tumbaku inaloa kwapani. Akakohoa kidogo. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na mwingine karibu, akawainamia kuku na kuwaambia asanteni.